Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR: damu yetu ilisema nini?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), salaam nyingi.

Mimi ni mtu wa Tanga, kijiji kimoja huku upande wa kwenda Pangani, sina taaluma yoyote ya afya, nauza vifaa vya ujenzi mjini basi. Ningeweza kuleta barua hii ofisini kwenu nikagongewa muhuri wa kupokelewa, ila nimeona niiandike hapa hadharani kwa sababu jambo lenyewe, la watafiti kuchukua damu zetu wasirudi kutuambia walikuta nini, si langu peke yangu, na najua wapo wengi watakaosoma hapa wakasema hata sisi kwetu ilikuwa hivyohivyo.

Nilikuwa darasa la tatu. Jioni mwenyekiti wa kitongoji akapita nyumba kwa nyumba anasema leo saa nne usiku kila mtu aende shuleni, wakubwa kwa watoto, kuna wageni wanapima damu. Saa nne usiku! Kijiji hakina umeme, giza totoro, afu unaambiwa amka ukatolewe damu. Bibi yangu alitusukumia mvunguni sisi watatu, akapanda kitandani juu yetu akajifunika khanga gubigubi, akaanza kuguna kama mtu anayeumwa. Msimcheke bibi. Huku pwani neno mumiani halikuanza jana, yeye alilipata kwa bibi yake, kwamba wapo watu wanakuja usiku na gari wanachukua damu za watu wanakwenda kuziuza. Sasa usiku ule gari lilikuwepo, watu wamevaa makoti meupe na taa zinawaka kwenye paji la uso, na damu kweli wanachukua. Alitakiwa afikirie nini kingine?

Mwishowe walitufuata hukohuko nyumbani na mwenyekiti akiwa mbele. Namkumbuka dada mmoja, mikono yake ilikuwa laini, alinishika kidole cha mkono wa kushoto akakipangusa na pamba yenye spiriti mpaka kikapoa, akatoboa, akaminya, tone likasimama pale kwenye ncha ya kidole linang'aa kwa ile taa yake, akaligusisha kwenye kioo kidogo akaandika namba pembeni kwa penseli. Akanipa biskuti. Hakuwa mtu mbaya kabisa. Ila hakusema neno hata moja kwamba hii damu ni ya nini na kwa nini isingengoja asubuhi, na kesho yake gari likaondoka na vile vioo na mpaka leo ninavyoandika hakuna aliyerudi kutuambia walikuta nini ndani yake.

Walitoka taasisi gani sijui na sitaki kubahatisha nikamsingizia mtu, mwenyekiti mwenyewe alikuwa anawaita watu wa mradi tu. Sisemi ni ninyi. Nawaandikia ninyi kwa sababu ndo taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mtu anayetaka kufanya utafiti wa afya Tanzania Bara kibali cha maadili cha kitaifa anakuja kukiomba kwenu. Kwa hiyo mlango ni wenu hata kama aliyepita si mtoto wenu.

Kwa nini usiku nimekuja kujua nina miaka thelathini na kitu, na nilijua kwa bahati tu, nilipompeleka mjomba hospitali. Mjomba alikuwa na busha miaka mingi, mtu mzima mwenye heshima zake, fundi wa majahazi, ikafika mahali hasimami kwenye safu ya mbele msikitini kwa sababu ya aibu ya namna anavyokaa na kuinuka. Daktari kijana pale akavuta kiti akatueleza taratibu. Kwamba busha hili na matende ni minyoo, inaletwa na mbu, ile mikubwa inakaa kwenye mishipa ya maji ya mwili inazaa vitoto vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na hivi vitoto mchana vinajificha ndani huko kwenye mapafu, usiku ndo vinatoka kwenye damu ya juujuu karibu na ngozi, vinakuwa vingi zaidi kuanzia saa nne mpaka saa nane usiku, saa ambazo mbu wake anauma. Ukimtoboa mtu mchana unaweza usikute kitu wakati amejaa. Basi. Hiyo tu! Maneno ya dakika mbili, na bibi angeyaelewa vizuri kuliko mimi maana yeye mambo ya mbu na giza aliyaishi, angetutoa mwenyewe mvunguni akatupanga mstari.

Mjomba naye akauliza lile lililokuwa linamkaa rohoni. Mbona dawa za kingatiba, zile zinazogawiwa kijiji kizima, mgonjwa na mzima, alimeza na busha likabaki palepale? Alimeza mara mbili, akaona haipungui, mwaka wa tatu akakataa, na kwa sababu yeye ni mkubwa wa ukoo nyumba zote za wanawe zikakataa. Daktari akamwambia mzee wangu, dawa ile inaua vile vitoto vilivyo kwenye damu ili mbu asivipeleke kwa mjukuu wako, busha lililokwisha kujaa linatolewa kwa upasuaji, ni mambo mawili tofauti. Mjomba alinyamaza muda mrefu. Akasema, kumbe nilikuwa nawamezea wenzangu. Ndugu Mkurugenzi, mzee huyu hakuwa mbishi, alikuwa hajaambiwa. Muda wote huo yeye alikuwa anajua busha linatokana na kunywa madafu, kama wanavyojua wazee wengi huku kwetu, akawa ameacha madafu na anaendelea kulala bila chandarua.

Na kuna lile la fimbo. Wagawa dawa wakija wanakusimamisha kwenye fimbo yenye alama wanakupima urefu ili wajue vidonge vingapi, maana mizani haziwezi kuzungushwa kila kitongoji. Ni jambo la akili kabisa. Lakini huku mtu anapimwa urefu kwa fimbo mara moja, siku anachimbiwa kaburi. Bibi alimuuliza yule kijana, unanipima mwanandani mimi? Kijana akatazama chini akaandika "amekataa" kwenye daftari. Hapa ndo pananiuma, kwa sababu kwenye hesabu zenu bibi ameingia kama mtu aliyegoma, na sababu yake haina safu kwenye lile daftari.

Najua mtu anaweza kusema hizo ni habari za kijijini kwako. Haya, twende Morogoro mwaka 2008. Wanafunzi wa shule za msingi wakapewa dawa za kichocho, ugonjwa wa kweli na dawa ya kweli, watoto wengine walikuwa hawajala kitu, tumbo likawasokota wakatapika, uvumi ukatoka shule hii kwenda ile kwamba watoto wanauawa, wazazi wakavamia mashule mpaka polisi wakaingia. Dawa ilikuwa salama. Kilichokosekana ni mzazi kuambiwa mapema kwamba mtoto ale kwanza, na kwamba anaweza kujisikia hivi na hivi na itapita. Mimi siamini kwamba wazazi wale ni wajinga. Mzazi anayekimbilia shule akisikia mwanawe anatapika ndo mzazi unayemtaka, ungempa habari wiki moja kabla angekuwa ndo anayepika uji.

Na ninyi wenyewe mna historia nzuri ya jambo hili. Mpango wa kutokomeza matende na mabusha ulianza kugawa dawa kisiwani Mafia mwaka 2000, na aliyeubeba mgongoni ni marehemu Dkt. Mwele Malecela, ambaye baadaye akawa mkurugenzi mkuu kwenye kiti hichohicho unachokalia. Mungu amrehemu. Desemba 2016 alisimama mbele ya waandishi akaeleza kwamba utafiti umeona dalili za virusi vya Zika kwenye damu za watu waliopimwa, siku chache hazikupita uteuzi wake ukatenguliwa. Sitaki kuyafukua ya siasa. Ila nilikuwa nafuatilia maneno ya watu siku zile, mitaani na kwenye simu, na karibu wote walielewa kwamba kuna mlipuko wa Zika nchini, wakati kukuta kinga za mwili kwenye damu maana yake ni kwamba mtu huyo aliwahi kukutana na kirusi, pengine zamani na hakuumwa hata siku moja. Tungekuwa tumezoea kusikia matokeo ya tafiti kwa lugha yetu, mwaka hadi mwaka, nina imani taharuki ile isingekuwa kubwa vile na yeye asingesimama peke yake.

Mna mambo makubwa mno ya kutusimulia, na hayasimuliwi. Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijiji vya watu wa kawaida vilishiriki utafiti ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya ukimwi karibu asilimia 40, dunia nzima ikasoma. Korogwe na Bagamoyo watoto wetu walichomwa sindano za majaribio ya chanjo ya malaria kuanzia 2009, wakiwa miongoni mwa watoto wa vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha chanjo ileile itumike. Watoto waliochomwa Korogwe wakiwa wachanga leo ni vijana wakubwa. Hivi yule mama aliyembeba mwanawe mgongoni kwenda kliniki kila walipoitwa, akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, anajua kwamba mwanawe ni mmoja wa waliosababisha watoto wa Ghana na Malawi wapate chanjo? Anatakiwa aambiwe kwa jina lake, kwenye baraza la nyumba yake. Mimi ningekuwa ndiye mama huyo ningetembea kifua mbele mpaka nakufa.

Sasa haya yote yako kwenye majarida ya Kiingereza, na kwenye makongamano yenu slaidi nyingi ni Kiingereza. Sina ugomvi na hilo, wanasayansi wana wenzao duniani wa kuongea nao. Ila sheria iliyowaanzisha mwaka 1979 inawapa pia kazi ya kuhimiza matokeo ya tafiti yatumike kwa faida ya afya za watu, na watu wenyewe wanaongea Kiswahili.

Ninachoomba ni hiki. Kwenye kibali mnachotoa, kurudi kijijini liwe sharti lenye tarehe, na pesa zake zionekane kwenye bajeti kama zinavyoonekana pesa za mafuta ya gari. Karatasi moja tu ya Kiswahili cha kawaida, tulichukua nini, kwa nini tulikichukua namna ile, tulikuta nini, na sasa mfanye nini. Ibandikwe kwa mtendaji na isomwe kwenye mkutano wa kijiji, na anayesoma awe amekaa kujibu maswali mpaka yaishe, hata yale ya mumiani, asiyacheke. Mkitaka kutumia redio za huku mikoani, tumieni, watu wanasikiliza sana wakiwa shambani, na sauti ya dakika tatu kwenye WhatsApp inafika mbali kuliko bango la maonyesho ya Sabasaba. Hata mkikuta hakuna kitu, rudini mseme hatukukuta kitu. Hilo nalo ni jibu, tena zuri.

Na mgawa dawa afundishwe kusema sababu ya fimbo.

Bibi alishafariki, hakuwahi kujua kwa nini usiku. Mjomba alifanyiwa upasuaji, yuko safi, siku hizi msikitini yuko safu ya mbele, na kingatiba alirudi kumeza yeye na wanawe wote. Baada ya alasiri anakaa barazani kwake chini ya mwembe anashona nyavu za wajukuu, na bado anaulizia ile damu ya usiku ule, kioo chake kilikuwa na namba gani na walimkuta na nini. Yeyote mtakayemtuma atamkuta hapo.