Tengeni unga wa kuharibiwa: barua kwa wazazi mnaowaleta watoto Rungwe likizo ya Juni

Wanangu na wakwe zangu mliotawanyika Mbeya mjini, Dodoma na Dar es Salaam, mugonile.

Shule zikikaribia kufungwa, simu yangu haitulii. "Mama, safari hii watoto watakaa kwako wiki tatu." Hewala, waleteni, mjukuu hapigi hodi kwa bibi yake. Ila nimeona nisimjibu kila mmoja peke yake, kwa sababu neno langu ni moja kwenu nyote, na wastaafu wenzangu hapa kijijini wananiambia na wao wanalo kooni.

Mnapokuja, garini huwa mna vitu viwili: katoni za biskuti na ratiba. Jumatatu Daraja la Mungu, lile daraja la jiwe lisilojengwa na mtu, Jumanne ziwa Ngozi, Jumatano maporomoko ya Kaporogwe, Alhamisi ufukweni Matema, Ijumaa kurudi. Mtoto anashushwa, anapigwa picha, anapandishwa. Mwaka juzi mjukuu mmoja alitoka Daraja la Mungu nikamuuliza: mto Kiwira unapita juu ya lile jiwe au chini yake? Akaomba simu ya baba yake aangalie. Nilicheka, kisha usiku nikajikuta silali.

Ninachowaomba ni hiki. Mtoto apewe vitu vya kuharibu. Unga, udongo, mabua, hata siku nzima. Mkipanga fedha za likizo, wekeni na fungu la hasara, na lile fungu likiisha msinune.

Nijiseme mwenyewe kwanza. Juni iliyopita nilikuwa jikoni na mjukuu wa miaka tisa, tunapika kashata. Karanga alizikaanga yeye, akazisugua viganjani, akazipepeta kwenye ungo mpaka zikawa safi. Nusu ya maganda yalikuwa kwenye nywele zake. Nikampa mwiko asimamie sukari, nikatoka kuitikia hodi. Mnaijua sukari. Ikishayeyuka na kupata rangi ya asali, ukigeuka tu imekuwa nyeusi na chungu. Niliporudi, moshi ulikuwa umetanda na karanga zote zimeshamwagwa humo. Nikafoka. Nikataja bei ya sukari, nikataja bei ya karanga, nikataja na sufuria. Mtoto hakulia. Alisimama mlangoni kidogo, akaondoka, na siku kumi na moja zilizobaki hakukanyaga jiko. Alihamia kwenye kochi na simu. Mimi ndiye niliyempeleka kule, halafu jioni nawapigia ninyi kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kazi!

Miaka 33 nimesimama mbele ya ubao, na bado nilifanya hivyo. Tena kosa lilikuwa langu hata kwa upande wa ufundi. Sukari ya moto haachiwi mtoto wa miaka tisa. Ikimrukia inagandia kwenye ngozi na inaendelea kuunguza. Kazi zake ni karanga, kupaka sinia mafuta, na kukata vipande kashata ikiwa ya uvuguvugu, kabla haijawa jiwe. Mwiko ulikuwa wangu.

Kitu cha kuharibu bila woga ni togwa. Mtoto anaweza kulifuata tangu punje mpaka kikombe, na linachukua karibu wiki nzima, muda ambao ratiba zenu haziujui. Mnaloweka ulezi usiku kucha, mnachuja, mnaufunika kwa kitambaa kibichi na kuunyunyizia maji. Kila asubuhi watoto wanakimbilia kufunua kabla hawajanawa uso. Siku ya pili au ya tatu vinatokea vijimizizi vyeupe, na hapo mnaanika juani. Ukiota ukungu, mwageni muanze upya, msiwaonee haya watoto. Ukikauka unasagwa, hicho ndicho kimea. Kisha mnapika uji mzito wa mahindi, mnauacha upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia, mnakoroga kimea ndani. Uji uliokuwa umesimama unalegea mbele ya macho yao, unakuwa mwepesi, na utamu unajitokeza bila kijiko cha sukari. Waambieni ukweli wake: kimea kinauvunja wanga wa unga uwe sukari.

Wajukuu wawili walibishana hapo. Mkubwa hakuwa na subira, akataka kutia kimea uji ukiwa unatokota. Zamani ningemnyang'anya. Safari hii nikampa kibakuli chake na mdogo wake chake. Cha mdogo kililegea na kuwa kitamu. Cha mkubwa kilibaki kizito kama gundi, kwa sababu ile nguvu ya kimea hufa kwa joto kali. Hakuhitaji hotuba yangu. Alilamba kijiko chake, akalamba cha mwenzake, akaomba unga mwingine. Unga uliopotea haukufika hata vikombe viwili. Togwa lenyewe wanywe siku hiyo na kesho yake likiwa na ukali wa mbali. Likizidi kulala huchachuka, hilo si la watoto tena.

Sasa ninyi wa kiume. Nawakumbuka vizuri. Hakuna hata mmoja wenu ambaye hakukata ndala za baba yake kutengeneza magurudumu, na viboko mlipata. Leo mnakuja, mnakaa kibarazani mnaangalia mpira kwenye simu, na mtoto wako amesimama kando ameshika gari la betri lililozimika. Kaa naye chini. Mabua ya mahindi hayakosekani: menya ganda, gawanya nyama yake laini, unganisha kwa vijiti vya ganda lilelile upate bodi na ekseli. Lile ganda linakata vidole kama wembe, kwa hiyo kumenya ni kazi yako, kuunganisha ni yake. Gari litapinda. Acha lipinde. Mpira wa miguu nao unatokana na majani makavu ya mgomba yaliyobanwa vizuri na kufungwa kwa kamba za mgomba huohuo. Mifuko ya plastiki mliyokuwa mnafungia mipira yenu ilipigwa marufuku Juni 2019, na mimi sikuililia, maana mgomba ulikuwepo kabla yake.

Kuhusu matembezi, chagueni moja. Moja tu kwa wiki, na liwe la siku nzima.

Ningekuwa mimi, ningechagua Matema, na ningepanga iwe Jumamosi. Asubuhi mnatoka Tukuyu na masweta, ukungu umefunika migomba. Mkiteremka kuelekea Kyela mnavua kimoja kimoja. Mwacheni mtoto aone namna nchi inavyobadilika, chai inaisha, mpunga unaanza. Simamisheni gari kwenye shamba la mtu la kakao, ombeni kwa adabu, nunueni tunda moja. Watoto wenu wanakula chokoleti kila sikukuu na hawajawahi kufyonza ute mweupe wa kakao ya Kyela. Kwa nini Jumamosi? Ni siku ya soko la Lyulilo, pale jirani na Matema, ambako akina mama wa kabila la Wakisi huleta vyungu vyao. Vile vyungu vimefinyangwa kwa mikono. Mtoto anunue kimoja kidogo kwa hela yake, akibebe mapajani mpaka nyumbani. Kikivunjika njiani, kimevunjika. Kesho yake tutachimba udongo bondeni afinyange chake. Atakianika juani kipasuke, kisha atanisikiliza nikimwambia akianike kivulini.

Ziwa Nyasa liheshimuni. Miezi hii upepo wa mwera ukivuma mawimbi yanakuwa makubwa, na mtoto wa mjini anadhani kila maji ni bwawa la hoteli. Mtu mzima aingie naye majini, au wote wabaki mchangani. Mkilala huko, chandarua. Mbu wa Kyela hawajui kama ninyi ni wageni.

Ngozi ni kwa waliofikisha miaka kumi na zaidi. Msitu ni mzuri, lakini ule mpando wa mwisho ni mkali na unateleza, na kumbeba mtoto mgongoni hapo ni kutafutana ubaya. Nendeni na mtu anayeijua njia. Hadithi za ziwa lile na mambo yake ya giza waachieni wenyeji wawasimulie wenyewe, wanazijua kuliko mimi. Hifadhi ya Kitulo nayo mnaing'ang'ania kila Juni kwa sababu mmeona picha za maua. Maua ya Kitulo ni ya msimu wa mvua, tangu Desemba hivi mpaka Aprili. Juni mtakuta nyasi zilizokauka na umande ulioganda. Waleteni likizo ya Desemba.

Jambo moja halina mzaha. Baridi ya huku wengi wenu mmeisahau, na nimewahi kuwakuta mmeingiza jiko la mkaa chumbani, mmefunga dirisha, mnasema watoto wapate joto. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua waliolala. Jiko likae nje. Blanketi ninazo.

Kwa hiyo mkifungasha, leteni sweta mbili kwa kila mtoto, buti, nguo ambazo hamtazihurumia, waya, na ndala zilizochakaa. Biskuti ziacheni dukani. Na mmoja wenu, baba au mama, abaki hapa walau siku tatu za mwanzo. Mimi peke yangu siwezi kuwa bibi, mwalimu na mlinzi wa watoto saba, magoti yamekataa.

Ulezi nimeshauloweka kidogo wa kujaribia. Na yule wa miaka tisa, ambaye sasa ni kumi, mwambieni sufuria ile bado ipo, chini yake bado nyeusi, na nimenunua karanga kilo mbili. Moja ni ya kuunguza.

Ndaga,
Bibi yenu, Tukuyu