Barua ya kazi kwa Kiingereza isiwe tafsiri ya barua ya Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji niseme jambo linalowagharimu vijana wengi wa Dar es Salaam wanaoomba kazi na nafasi za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Barua zao za Kiingereza zina sarufi ya kuridhisha, nyingine nzuri kabisa, lakini zimefikiriwa kwa Kiswahili. Afisa rasilimali watu akizifungua anakutana na "Refer to the heading above", kisha "I am a Tanzanian youth aged 24 years", na mwishoni "Yours in building the nation". Asili yake tunaijua sote: husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, wako katika ujenzi wa taifa. Kwa Kiswahili sentensi hizo zina adabu yake na zinasomeka vizuri. Kwa Kiingereza hazimwambii msomaji kitu.

Hiyo "Refer to the heading above" ndiyo imeenea kuliko zote. Katika barua ya Kiingereza kichwa cha habari hukaa chini ya salamu ya "Dear Sir or Madam", kwa hiyo msomaji ameshakisoma kabla ya kufika aya ya kwanza. Kumrudisha juu ni kumpotezea muda. Sentensi ya kwanza itaje unachotaka na ulikoona tangazo: "I wish to apply for the post of storekeeper, which you advertised on 3 March." Imetosha. Na ile "RE:" inayotangulia kichwa si kifupi cha "reference" kama wengi wanavyoamini. Ni neno la Kilatini lenye maana ya jambo linalozungumzwa, sawa na "YAH:" yetu. "Ref." ni kitu kingine, ni kumbukumbu namba ya faili, na mwombaji binafsi kwa kawaida hana faili la kulitaja. Kichwa kikiwa kwa wino mzito, hata "RE:" unaweza kuiacha. Kukiwekea herufi kubwa, wino mzito na mstari chini yake kwa mpigo ni kelele tupu.

Wengi huona haya kuanza barua bila kumjulia msomaji hali, wakidhani ni ufidhuli. Kwetu kumjulia mtu hali ni heshima. Katika barua rasmi ya Kiingereza heshima iko katika kutomchosha msomaji, kumwita kwa cheo au jina sahihi, na kufunga kwa maneno yanayolingana na salamu ya kuanzia. Kama hujui jina lake, unaanza "Dear Sir or Madam" na kufunga "Yours faithfully". Kama unalijua, unaanza kwa mfano "Dear Ms Mushi" na kufunga "Yours sincerely". Herufi kubwa ni ya "Yours" peke yake. "Faithfully" na "sincerely" huanza kwa herufi ndogo, na "Your's" yenye alama ya juu haipo kabisa. Baada ya "Mr" au "Ms" linafuata jina la ukoo, ingawa mtaani tumezoea kusema Mista Juma. Ukishindwa kujua kama mwenye jina ni mwanamume au mwanamke, andika majina yake yote mawili bila "Mr" wala "Ms". Anayeandikia chuo cha Marekani asishangae kuona wao huweka nukta mbili baada ya salamu na kufunga kwa "Sincerely" tu. Ndio utaratibu wao.

Kuhusu mpangilio, shule zetu zinafundisha ule wa Kiingereza: anwani yako juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya unayemwandikia kushoto ikianza na cheo chake, salamu, kichwa, maelezo, hitimisho, sahihi, kisha jina lako. Jina halikai juu pamoja na anwani yako. Mtindo wa pili huanzia kila kitu kushoto. Yote miwili inakubalika. Kinachoharibu ni kuichanganya. Ukiingiza ndani mwanzo wa aya moja, ingiza zote. Ukiruka mstari kati ya aya, usiingize. Ukiweka mkato mwishoni mwa mstari mmoja wa anwani, weka katika mistari yote, au usiweke kabisa. Tarehe andika mwezi kwa neno, "5 December 2025", kwa sababu 5/12 kwa Mmarekani ni tarehe 12 ya mwezi wa 5.

Kuna hii ya "K.K.", kupitia kwa, ambayo kwa Kiingereza huandikwa "Through" au "u.f.s.". Hizo herufi 3 ni kifupi cha "under flying seal", yaani barua iliyoachwa bila kufungwa ili mkubwa anayepitiwa aisome na kuweka maoni yake kabla haijaendelea. Mtumishi anayeomba uhamisho kupitia kwa mkuu wake wa kazi anaihitaji. Kijana anayejiombea kazi dukani au kampuni binafsi haihitaji, na kuiandika wakati barua haikupita kwa mtu yeyote ni kusema jambo ambalo halikutokea.

Sasa kiini cha barua, na hapa lawama zangu naelekeza kwa barua za kunakili zinazouzwa kwenye steshenari, ambazo mteja hubadilishiwa jina na tarehe tu. Karibu zote zina sentensi hii: "I am hardworking, honest and able to work under pressure with minimum supervision." Mwajiri mwenye maombi mezani anaisoma mara nyingi kiasi kwamba haioni tena. Weka badala yake kitu kinachoweza kuthibitishwa: "For two years I kept the stock records of a hardware shop in Kariakoo, and I counted the stock every Friday." Ndani ya sentensi moja mwajiri amepata muda, mahali, kazi na mazoea yako. Umri na hali ya ndoa viende kwenye wasifu, tena kama tangazo limevitaka. Aya 3 au 4 zinatosha, ukurasa 1 usizidi. Barua hizo za kunakili zina balaa jingine: jina la kampuni aliyoomba mteja wa jana hubaki katikati ya aya ya pili.

Makosa ya sarufi yanayojirudia ni machache na yanarekebishika. "I request for a job" haina haja ya "for". "I look forward to hear from you" iwe "hearing", kwa kuwa "to" ya hapo inadai jina au kitenzi chenye "-ing". "I will be grateful if my request will be considered" iwe "I would be grateful if you would consider my application". Vifupisho kama "I'm" na "don't" visiingie kabisa katika barua rasmi.

Mahali pa vifupisho hivyo ni barua ya kirafiki, na ajabu ni kwamba huko ndiko wanafunzi wanaandika kama wako ofisini. Barua ya rafiki au mzazi ina anwani moja tu, ya mwandishi. Haina kichwa cha habari, na haifungwi kwa "Yours faithfully". Kwa mama unaandika "Love", kwa rafiki "Best wishes". "The main aim of writing this letter is to inform you" ni dhumuni la barua hii lililotafsiriwa, na "Back to my side, I am fine" ni ile kwa upande wangu mimi ni mzima. Andika "I'm well, and so is everyone at home", kisha ingia kwenye habari yenyewe.

Kwa wanaotuma kwa barua pepe: kichwa kiwe kwenye sehemu yake ya juu iliyoandikwa "Subject", anwani za posta ziondoke kwenye ujumbe, na namba ya simu ikae chini ya jina. Tangazo likitaka barua iliyosainiwa, saini kwa kalamu juu ya jina lako, iskani, uiambatanishe kama PDF. Faili lipe jina lako na jina la nafasi unayoomba, maana "barua mpya 2" ikishashushwa kwenye kompyuta ya mwajiri hakuna atakayejua ni ya nani.

Mwalimu wa Kiingereza,
Temeke, Dar es Salaam