Mhariri, hicho kiwingu chenye radi hakitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee huo utabiri wenu wa siku tatu, maana wiki hii mmetuacha njia panda. Kiangazi chote hiki watu wamevaa masweta, na nyie mmechora kiwingu chenye radi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, vyote sura moja, chini yake nyuzi 19, basi. Sasa mwenye sherehe ya nje apange nini na hapo?

Wataalamu wenyewe hawaishii kwenye katuni. Kompyuta zao zinapiga hesabu upya mara kadhaa kwa siku, wanatoa masaa, asilimia na milimita, alafu nyie ndo mnakata. Hata hiyo asilimia mkiiweka ielezeeni, maana 60 sio kwamba itanyesha sana wala kwamba itanyesha siku nzima, ni uwezekano tu wa pale ulipo kupata mvua ndani ya muda huo. Na mvua za radi ndo zilivyo, wingu moja mara nyingi linaishi nusu saa mpaka saa nzima likaisha, mtaa huu umefurika mtaa wa pili vumbi tupu, ni kama maji yanayochemka sufuriani, unajua mapovu yatatoka ila povu linalofuata litokee upande gani nani aseme? Wa mtaa wa pili wakilalamika wamedanganywa wanawaonea wataalamu, japo na nyie mnachangia.

Milimita ndo muhimu kuliko yote. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwahiyo ikishuka milimita 50, paa la mita za mraba 100 limepokea lita 5,000. Ikinyesha taratibu kutwa nzima ardhi inakunywa, ikimwagwa ndani ya saa moja barabara inageuka mto, na maji yanayokimbia yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, yakifika 30 gari dogo linaanza kuelea. Kiwingu chenu hakisemi ni ipi kati ya hizo mbili.

Alafu kuna hii baridi. Wengi wanadhani kukiwa na ubaridi basi radi zimekwisha, kumbe hewa baridi ikikaa huko juu na jua likachungulia kidogo likapasha ardhi, hewa ya chini yenye unyevu inapanda kwa kasi na wingu linaweza kupita kilomita 10 kwenda juu. Asubuhi ya sweta, jioni mvua ya mawe. Na ule upepo wa baridi unaokupiga ghafla ni hewa iliyopozwa na mvua inashuka toka winguni, ukiusikia ingia ndani, usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Ninachoomba ni mstari mmoja tu: saa nane mchana mpaka saa mbili usiku, uwezekano 60, milimita 20 hadi 40, upepo mkali. Na muandike utabiri umetolewa saa ngapi, sababu gazeti linachapwa usiku, mtu analisoma mchana wa pili anadhani ni habari ya saa hiyo. Hiyo picha ya wingu iacheni tu, watoto wanaipenda.

Msomaji wenu wa kila siku