Barua ya wazi kwa madaktari vijana wa uvimbe wa ubongo

Wanangu,

Juzi nilimsindikiza jirani yangu kliniki hapa Nairobi. Daktari kijana akamwambia koridoni, watu wote wakisikia: "Mama, mwanao ana glioblastoma. Wengi ni miezi 14." Huo ni uvimbe mkali wa saratani ya ubongo. Akarudi ndani. Wiki chache nyuma, baada ya upasuaji, mama huyohuyo aliambiwa, "Tumeutoa wote." Nilimwomba karatasi ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya kipande cha uvimbe, nikaisoma. Penye IDH, jeni zinazosaidia kutambua aina ya uvimbe, paliandikwa: haijapimwa.

Nimeuguza wagonjwa wa ubongo hadi kustaafu, na hili siwezi kulinyamazia.

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani haliuiti uvimbe wa mtu mzima glioblastoma ikiwa jeni za IDH zimebadilika. Huo ni ugonjwa mwingine, astrositoma, na wenye nao kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi. Mwana wa jirani yangu, kijana wa miaka 30 na kitu, amehukumiwa kwa karatasi isiyokamilika!

Na hiyo miezi 14 mnajua ilikotoka? Ni jaribio lililochapishwa 2005, la wagonjwa wa Ulaya na Kanada waliopewa mionzi pamoja na temozolomidi, dawa ya saratani. Nusu yao waliivuka miezi 14.6, na zaidi ya robo walikuwa hai baada ya miaka miwili. Hapa kwetu familia inachangisha kwenye WhatsApp, inauza ploti, inasubiri foleni ya mionzi, kisha tunaisomea hesabu za watu waliotibiwa kwa wakati. Aibu hiyo ni ya nchi nzima, si yenu peke yenu.

"Tumeutoa wote" nalo msilitamke. Mwaka 1928 Walter Dandy, daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, aliandika jinsi alivyotoa nusu nzima ya ubongo, na bado uvimbe ulirudi. Seli za glioblastoma hazitulii. Utafiti wa 2019 ulizikuta katika hali nne ndani ya uvimbe mmoja, na zinaweza kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine. Mbaya zaidi ni ile ya kimesenkima, yaani seli zinapofanana na za tishu unganishi: hutambaa kando ya mishipa ya damu na kustahimili mionzi. Huchochewa na uhaba wa oksijeni, na seli za kinga zilizojazana humo, hata na mionzi yenyewe. Saratani nyingine zikigeuka hivyo husambaa mwilini. Hii ni nadra kutoka nje ya ubongo, huzama humohumo. Kwa hiyo karatasi ya patholojia inaeleza seli zilivyokuwa siku ya kisu tu.

Ulizeni kipimo cha MGMT, jeni inayoashiria kama temozolomidi itafanya kazi vizuri. Ketini mnapozungumza. Muiteni na ndugu mmoja asikie.

Uvimbe ukirudi na mgonjwa akaweza kupasuliwa tena, pelekeni kipande kipya maabara, msitibu kwa majibu ya zamani.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Nairobi