Barua ya Kufunga Muhula: Shule ya Wauguzi ya Nsambya na Machaguo ya Binti Zetu

Ndugu Wazazi na Walezi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Shule itafungwa Ijumaa saa nne asubuhi, na kila binti atakuja na ripoti yake. Nawaandikia hasa kuhusu historia ya shule ya wauguzi ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Nsambya, jijini Kampala, ambayo Kidato cha Tatu waliiandalia maonyesho bwaloni muhula huu.

Mwaka 1903 masista sita Wafransisko walifika Nsambya, akiwemo Teresa Kearney wa Ireland, ambaye jina lake la utawa lilikuwa Mother Kevin na Waganda wakamwita Mama Kevina. Walianza kutibu wagonjwa chini ya mwembe, na mwembe huo ndio mabinti waliouchora kwanza, wakaupamba kwa majani halisi. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia walitibiwa pale wapagazi wa jeshi la Waingereza, wa kikosi kile kile, Carrier Corps, kilichotuachia jina la Kariakoo, na Mama Kevina alichukizwa mno na jinsi watu hao walivyotendewa.

Baadaye, akishirikiana na Dkt. Evelyn Connolly, mmisionari mlei, alianzisha pale Nsambya shule ya uuguzi na ukunga. Binti mmoja alisimama akauliza kwa nini alihitajika daktari asiye mtawa, ilhali masista walikuwepo. Swali lile lilinifurahisha kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu, kwa sababu jibu lake ndilo kiini cha historia yenyewe: sheria ya Kanisa ya wakati ule haikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga, na Roma iliwafungulia mlango huo mwaka 1936 tu. Kwa maoni yangu, hali hiyo ndiyo iliyofanya kuwafundisha wasichana wa nchini liwe jambo la lazima, kwani mama mwenye uchungu hawezi kusubiri sheria ibadilike.

Nayasema haya kwa kuwa Kidato cha Nne watajaza selform, yaani fomu ya kuchagua masomo na vyuo vya baadaye, mwakani mwanzoni, na wazazi kadhaa wamenieleza ofisini kwamba hawataki binti zao wachague uuguzi, eti ni kazi ya kumshikia daktari vifaa. Nawasihi mzungumze nao likizo hii na kuwasikiliza. Anayetaka chuo cha uuguzi anahitaji kufaulu Biolojia, Kemia na Fizikia, na Fizikia ndiyo inayowaangusha wengi wetu; mwalimu wa somo ameambatanisha mazoezi ya likizo kwenye ripoti.

Maonyesho hayataondolewa bwaloni hadi Ijumaa jioni. Watakaokuja kuwachukua mabinti wanakaribishwa kuyaona, na wale waliouchora mwembe watakuwepo kuwaeleza.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule