Wito wa Harambee: Viti vya Wanafunzi Wetu Wenye Mtindio wa Ubongo

Ndugu wazazi, walezi, wahitimu na marafiki wa shule yetu,

Katika kitengo chetu cha elimu maalumu yumo binti wa miaka 11 ambaye hajawahi kutamka neno ambalo mgeni angelielewa, lakini mwalimu anapotoa hesabu ya kuzidisha na kuanza kutaja namba moja baada ya nyingine, yeye huinua macho juu pindi jibu sahihi linapotajwa, na ni nadra akosee. Ilituchukua karibu mwaka mzima kuligundua hilo, na sababu yake inatuuma: tulikuwa tukimlaza mkekani, mahali ambapo hakuweza kumwona mwalimu wala mwalimu kumwona usoni. Siku mama yake alipomfunga kwa kanga kwenye kiti cha plastiki, akakaa wima, ndipo tulipomfahamu mwanafunzi wetu.

Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha linaloupata ubongo unaokua, mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka yake ya mwanzo: pengine alizaliwa njiti, alichelewa kulia kwa kukosa hewa, alipata manjano kali isiyotibiwa mapema, au aliugua homa ya uti wa mgongo. Si laana, hauambukizi, na mama hana kosa la kutubu. Tunalisema hili waziwazi kwa kuwa wapo akina mama miongoni mwetu waliokimbiwa na waume zao na kusemwa na ndugu. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini misuli isiyonyooshwa hukakamaa, viungo vikapinda, na mtoto anayelishwa akiwa amelala chali huweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni. Kwa watoto hawa kiti ni kifaa cha kulia chakula, cha kuandikia na hata cha kupumulia.

Christy Brown, aliyezaliwa Dublin mwaka 1932 akiwa na hali hii, alidhaniwa hana akili mpaka alipoishika chaki kwa vidole vya mguu wake wa kushoto, na baadaye akawa mwandishi na mchoraji. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Kijana aliyemaliza darasa la saba hapa kwetu, ambaye mkono wake wa kulia umekunjamana tangu utotoni, leo ndiye anayetunza daftari la mauzo katika duka la shangazi yake, analipa kodi ya chumba chake mwenyewe, na mwaka huu amemchangia mdogo wake ada ya chuo cha ufundi. Alianza kusoma akiwa kwenye kiti alichochongewa na babu yake.

Kwa miaka miwili sasa wazazi wamekuwa wakitengeneza viti kwa maboksi na magazeti yanayobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano. Ni imara kuliko mtu anavyodhani, ila paa likivuja hulainika, na mtoto akirefuka havimfai tena. Kwa hiyo tumekubaliana na seremala atengeneze viti 14 vya mbao, vyenye meza ya mbele, mikanda, na kiegemeo cha miguu kinachoshushwa kadiri mtoto anavyokua. Kila kimoja ni shilingi 180,000, jumla shilingi 2,520,000. Shilingi 480,000 zilizobaki ni nauli ya mwaka mmoja ya mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye amejitolea kuja mara mbili kwa mwezi kuwafundisha wazazi mazoezi ya nyumbani bila kudai ujira. Lengo letu ni shilingi 3,000,000.

Harambee itafanyika uwanjani kwetu tarehe 6 Oktoba, Siku ya Mtindio wa Ubongo Duniani, kuanzia saa 4 asubuhi. Asiye na fedha taslimu anaweza kuleta mbao, sponji, au siku moja ya kazi ya kupiga randa. Mhasibu wa kamati atatoa stakabadhi kwa kila mchango, na hesabu zote zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Seremala ameshachukua vipimo vya watoto tisa; watano waliobaki waletwe Ijumaa hii.