Mama asishuke ngazi tena

Leicester, Uingereza

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi huku ni mzima, sina dhiki ila baridi iliyoanza kuuma. Natumai nyote hapo Kibokoni hamjambo, na magoti yako yamepata nafuu.

Hayo magoti ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Jumapili sura yako ilipoganda kwenye simu, nilisikia pumzi zako na mbao za ngazi zikilia, nikajua unashuka tena kutafuta mtandao. Ulipoonekana ulikuwa umeketi kwenye kipandio cha tatu, umeshika ukuta. Sikusema kitu, lakini usiku ule sikulala vizuri. Tafadhali mpe ndugu yangu barua hii. Yaliyobaki ni yake.

Ndugu yangu,

Umesema fundi wa kampuni alikuja, akatazama, akashauri mchukue kifurushi kikubwa zaidi. Usilipe bado. Simama hatua moja kutoka kwenye ruta, kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi, upime kasi ya intaneti kwa simu, uandike. Kisha panda chumbani kwa mama, funga mlango, upime tena. Ukipata megabiti 20 hapo chini penye ruta na 1 au 2 huko juu chumbani, basi faiba, yaani waya unaoleta intaneti nyumbani, haina kosa, na hata ukinunua kifurushi mara tatu ya hicho mama ataendelea kushuka ngazi. Ikiwa hata chini ni mbaya, unga laptopu kwenye ruta kwa waya. Kwa waya nako ikisuasua, hapo una haki ya kuwapigia kampuni na kuwasomea ulichoandika.

Itazame pia taa ya LOS kwenye kisanduku cha faiba. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika au umekunjwa. Faiba ni uzi wa kioo, haistahimili kona kali. Na siku zote anza kwa kuuliza jirani. Unakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini zinazoleta intaneti, za EASSy na SEACOM, zilipokatika upande wa Afrika Kusini? Zote mbili zinatua hapo hapo Mombasa, lakini kukaa karibu nazo hakukutusaidia kitu. Safari hii unasema kwa jirani inakwenda sawa, kwa hiyo bahari tuiache.

Mimi nashuku ukuta. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mmoja unene wake kama dhiraa nzima. Huku ninakokaa vyumba vimetengwa kwa mbao nyembamba za jasi, nami hupata mtandao hadi jikoni. Hapo mawimbi yanapenya ukuta wa kwanza yakiwa hoi, wa pili hayafiki.

Sasa ruta yenyewe imewekwa wapi? Ndani ya kabati, nyuma ya tivi, imefunikwa kile kitambaa alichokifuma mama kwa ajili ya vumbi. Mwombe kwa upole akitoe, umweleze kwamba matundu yale ndiyo pua zake, na kwa joto la Mombasa inakosa pumzi. Tivi nayo ni kizuizi. Ruta ihamishe kwenye kidaka kinachotazama ngazi, mahali pa wazi, juu juu. Mawimbi yatapanda ngazini kuliko kupigana na jiwe.

Ruta hiyo inatoa mitandao miwili, wa gigahatsi 5 na wa 2.4. Wa 5 una kasi lakini hufa haraka mbele ya ukuta. Simu ya mama iunge kwenye 2.4, ambao hufika mbali zaidi na unatosha kabisa kuonana kwa video. Ubaya wake ni msongamano: maikrowevu na ruta za majirani zote zimo humo. Ingia kwenye mipangilio uchague chaneli 1, 6 au 11, ile isiyo na watu wengi. Hizo tatu haziingiliani.

Kuizima ruta na kuiwasha hakuna madhara. Chomoa kwenye stima, ngoja nusu dakika, rudisha. Lakini kile kitundu cha kubonyezwa kwa pini usikiguse! Kinafuta mipangilio yote, pamoja na ile ya kampuni, nanyi mtakaa bila intaneti mpaka fundi arudi.

Wale watoto wa barazani mama aliwapa paswedi, na sitaki wanyimwe. Wafungulie mtandao wa wageni wenye paswedi yake, kisha ubadilishe ya nyumbani.

Yote hayo yakishindikana, usinunue kile kidude cha kurudisha mawimbi. Vingi vya bei nafuu hupokea na kutuma kwa njia moja, na karibu nusu ya kasi hupotelea humo. Vuta waya wa mtandao wa aina ya Cat 6 kutoka kwenye ruta kufuata ngazi, unaweza kwenda hadi mita 100, uweke ruta ndogo ya pili mlangoni kwa mama. Pesa ya waya nitatuma.

Ijumaa nitapiga saa moja usiku ya huko. Mama akae kitandani kwake, mlango umefungwa, wala asiinuke hata picha ikiganda. Wewe simama naye, uniambie imeganda wakati gani.

Nduguyo